Mke Mwenza wa Kwenye Kioo

Madereva wa kituo cha teksi cha mbele ya posta walimwita Ramani, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mkewe, fundi wa mapazia, alilitumia akiwa amefurahi sana au amekasirika sana. Siku za katikati, ambazo ndizo nyingi, alimwita baba watoto.

Jina lenyewe hakulipata bure. Ujana wake aliutumia akisukuma mkokoteni wa seremala, akipeleka makabati na vitanda kwa wateja, na mtu aliyesukuma kitanda cha mbao ngumu kupanda mlima hausahau mlima huo. Alijua uchochoro upi unapitisha kabati la milango miwili, na upi hauruhusu kitanda mpaka ukisimamishe kama mgonjwa anayesaidiwa kutembea. Alipokuja kushika usukani, mji ulikuwa umeshamwingia miguuni. Matarishi wa posta walikuwa wakivuka barabara kumfuata na bahasha zenye anwani nusunusu, mfano "nyumba ya bati jekundu nyuma ya kinu", naye, bila kushuka garini, aliwauliza: kinu kipi, cha zamani au kipya? Akishajibiwa, barua ilifika.

Mkewe mwenyewe alikuwa ushahidi. Enzi za uchumba, fundi huyu alihama na cherehani yake mara kwa mara, maana kila mwenye nyumba alikuwa na mpwa anayekuja kuhitaji chumba. Kila alipohamia, kabla hajamaliza kufagia, teksi ilikuwa mlangoni. Hakuwahi kumwambia amehamia wapi, na mwenzake hakuwahi kuuliza. Alidhani ni mapenzi. Baadaye akaelewa kuwa ni mapenzi na ujuzi vikiwa vimepanda gari moja, akaona hakuna ubaya.

Kwa hiyo Ramani alipotokea kituoni na kile kifaa cha kuelekeza njia amekibandika kwenye kioo cha mbele, watu walicheka mpaka wengine wakashika magari yao wasianguke. Kilikuwa kidude cheusi, upana wa kiganja, kimeshikiliwa na kikombe cha mpira kinachonyonya kioo, waya wake ukishuka hadi kwenye tundu la kuwashia sigara. Ndani yake alikuwa akisema mwanamke mmoja mtaratibu: geuka kushoto, nenda moja kwa moja, umefika.

Dereva aliyeitwa Kasuku, ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko, ndiye aliyeanza.

"Leo nimeona samaki akinunua maji," alisema.

"Ni abiria," Ramani alijibu. "Abiria wa siku hizi hawaamini kichwa cha mtu. Wanaamini kitu kinachowaka."

"Na ukikosea njia, huyo mama anafanyaje?"

"Anatafuta njia nyingine."

"Hanuni?"

"Hanuni."

"Basi muoe," alisema Kasuku, na tangu siku hiyo kidude kikawa mke mdogo.

Utani ulisafiri hadi nyumbani. Kasuku alipopita kuchukua mapazia ya dada yake alisimama dirishani kwa fundi, akauliza kwa sauti ya msiba, "Shemeji, mwenzio hajambo?"

"Mwenzangu yupi?"

"Mke mwenzio, yule wa kwenye kioo. Akisema kushoto, mumeo kushoto. Akisema rudi, anarudi. Wewe umewahi kutiiwa hivyo?"

"Mimi nimemwambia arekebishe bawaba ya mlango wa choo tangu mvua za mwaka juzi," alisema fundi. "Mwambie huyo mwenzangu anisaidie kumkumbusha."

Wakacheka wote watatu, maana Ramani naye alikuwepo, ameegemea gari, anafuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Sasa, wenye vifaa vile wana desturi yao ya kazi. Jioni unakichomoa, unaingia nacho ndani, na kabla hujafunga gari unafuta alama ya duara inayoachwa na kile kikombe cha mpira. Mwizi haangalii kidude. Anaangalia duara. Akiliona kwenye kioo anajua kidude kipo, pengine kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, pengine chini ya kiti, na anavunja kwanza, kutafuta baadaye. Miezi ya mwanzo Ramani alifanya hivyo kila jioni. Halafu akaacha. Kidude kikawa kinalala kwenye gari, usiku na mchana kiko pale pale. Mkewe alipouliza, aliambiwa kwamba mpira ukibanduliwa mara kwa mara unachoka. Jibu hilo lilimkaa vibaya, maana mtu huyu hata mlango wa choo wenye bawaba mbovu aliufunga kwa komeo na kamba. Lakini alikuwa na mapazia ya ukumbi mzima ya kukatia pindo, akaliacha lipite.

Kisha jirani yao mpiga picha akavunjiwa kioo cha gari. Hakikuibwa kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu, palikuwa na alama tu. Fundi alikwenda kumpa pole, akaona vipande vya kioo vimejaa kwenye kiti kama chumvi ya mawe, akarudi amekata shauri.

Asubuhi iliyofuata, mumewe akiwa anaoga, alichukua ufunguo msumarini akaenda kwenye gari na chupa ya siki, gazeti kuukuu na kipande cha kitambaa cha mahameli. Alikuwa mtu wa kufanya kazi kwa mpangilio. Kwanza akachomoa waya kwenye tundu, akauviringisha kwenye vidole vyake kama anavyoviringisha utepe. Kisha akainua kile kikono kidogo cha plastiki kinachoachia mpira. Mpira haukuachia. Ulikuwa umekaa siku nyingi pale, umeshikana na kioo kama kupe. Akaingiza ukucha pembeni, akasubiri hewa iingie, kidude kikabanduka kwa sauti kama ya busu. Fundi akacheka peke yake. Hata kwa kuondoka, mwanamke huyu hana haya.

Alama ilibaki, duara la mafuta na vumbi. Akalipaka siki, akalisugua kwa gazeti, akasogeza kichwa huku na huku kuangalia kwa mwanga wa pembeni, akasugua tena mpaka kioo kikawa kama hakijawahi kubandikwa kitu. Kidude akakifunga kwenye mahameli, akakiingiza katikati ya jora la bitana ya mapazia, chini kabisa ya rafu. Mwizi wa kufungua jora la bitana alikuwa hajazaliwa.

Alikusudia kumwambia mumewe wakati wa chai. Lakini kabla chai haijamiminwa alikuja mteja, mke wa daktari wa meno, mwanamke mwenye nyumba ya madirisha mengi na haraka nyingi zaidi. Wakaingia chumba cha kushonea, kitambaa kikatandazwa mezani, na fundi akawa na pini mdomoni, futi shingoni, anapima kimo cha pazia la sebuleni, Ramani alipotokea mlangoni.

"Mama watoto," alisema. "Kile kitu cha kwenye gari."

Fundi alitoa pini moja mdomoni, ya pili akaiacha. "Nimempa talaka," alisema.

Mteja akainua kichwa. "Nani kapewa talaka?"

"Mke mwenzangu. Alikuwa anaishi kwenye kioo cha gari, anamwamrisha mume wangu kutwa nzima. Leo nimemfungasha." Akamweleza kisa chote, na mteja akacheka mpaka akakalia kitambaa kilichotandazwa.

"Na wewe baba," mteja alimgeukia Ramani akijifuta macho, "si ndiwe ninayesikia unaitwa Ramani? Ramani inaelekezwa na redio?"

Ramani naye alicheka, ila kicheko chake kilichelewa, kama cha mtu anayesikia utani kupitia ukuta. Aliendelea kusimama. Mkono wake ulikuwa umeshika mwimo wa mlango.

"Nina safari ya Bibi Kengele," alisema. "Hospitali ya macho."

"Si unafika umefumba hayo macho?" alisema mkewe, akarudisha pini mdomoni. "Usimcheleweshe, leo anafunguliwa bandeji."

"Sawa," alisema Ramani. Alimwangalia mkewe, akamwangalia mteja, akaondoka. Gari liliwaka na kukaa likinguruma uani kwa muda mrefu kabla halijatoka. Fundi alilisikia na hakulisikiliza.

Bibi Kengele alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na nyumba yake ilionekana kutoka uani kwao. Shule aliyoiongoza kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, na aliigonga mwenyewe, hakumwachia mtu. Jicho lake moja lilikuwa limefanyiwa upasuaji na limefunikwa pamba. La pili kwa miaka mingi liliona vivuli tu. Ramani ndiye aliyempeleka kila mahali, na yeye alipenda kukaa kiti cha nyuma, wima, mkoba mapajani, kama anakwenda kukagua darasa.

Simu ililia mteja akiwa ameshaondoka na fundi ameshakata kitambaa.

"Binti, uko hapo dukani kwako?"

"Niko, Bibi. Shikamoo. Mmeshafika?"

"Marahaba. Hilo ndilo nililotaka nikuulize wewe." Sauti ya Bibi Kengele ilikuwa ndogo kuliko kawaida yake. "Mumeo aliamka mzima?"

"Kwani hamko pamoja?"

"Tuko pamoja. Yuko hapa mbele yangu, anaendesha. Sikiliza. Hapa tunapopita kuna mchomelea vyuma. Baada ya mchomelea vyuma kuna duka la redio, wanapiga muziki. Baada ya muziki kuna harufu ya mkate. Halafu kuna mchomelea vyuma tena. Mwanzo nilidhani mji umepata mafundi wengi."

Fundi alianza kucheka. Akajikatiza.

"Bibi, mpe simu."

"Nimempa. Hapokei. Namwambia, kijana wangu, tumefika wapi, ananijibu tunakaribia. Amenijibu hivyo mpaka nimechoka kuuliza. Na anapumua kwa mdomo."

Mchomelea vyuma, redio, mkate. Fundi alipajua. Ulikuwa mzunguko wa barabara wa kiwanda cha mikate, si mbali, unapoteremka tu kutoka mtaani kwao. Alitoka kama alivyokuwa, futi shingoni, pini zimechomekwa kifuani, akaacha hata pasi haijazimwa, akarudi kuizima, akatoka tena. Njiani alikuwa na majibu mawili na yote mawili yalimtisha. La kwanza, breki zimekatika, na mume wake anazunguka kwa kuogopa kugonga watu. La pili, moyo. Katikati ya hayo, kwa sababu kichwa cha binadamu hakina adabu, lilimpitia la tatu: amenuna kwa sababu ya kile kidude, na sasa ananitia adabu mbele ya mji mzima.

Alifika akihema. Mzunguko ulikuwa na bustani ndogo katikati, nyasi na bomba linalovuja, na barabara nne zikitoka kama vidole. Akaliona gari. Lilikuwa linakwenda polepole, kwa heshima zote, taa ya kugeukia ikipepesa. Likifika kwenye barabara ya kutokea lilipunguza mwendo, likasita, likapita. Likifika ya pili likasita, likapita. Nyuma yake watu walipiga honi, wengine wakatoa vichwa kumtukana, na Ramani aliwainulia mkono wa kuomba radhi, akaendelea. Breki zilikuwa nzima. Aliona mwenyewe jinsi zilivyokuwa nzima.

Lilipopita mbele yake aliuona uso. Alikuwa ameuona uso huo ukiwa na homa, ukiwa na usingizi, ukiwa umefiwa. Huu hakuwahi kuuona. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa gazeti la lugha asiyoijua na kuambiwa alisome kwa sauti mbele ya watu. Fundi akainua mkono, kama mtu yeyote anayesimamisha teksi, na gari likampita. Macho ya mumewe yalimgusa, yakamwona, yakaomba msaada, na gari likaenda kuzunguka tena kwa sababu halikujua pa kutokea ili lisimame.

Mzunguko uliofuata aliingia barabarani, akasimama mbele yake.

"Panda," alisema Ramani kupitia dirishani, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Tusikae hapa, askari watatuandikia."

Akapanda kiti cha mbele. Alitaka kuuliza, akazuiwa na mkono ulioinuliwa.

"Usiniulize kitu. Niambie kushoto au kulia."

"Kwenda wapi?"

"Popote. Nitoe hapa."

Fundi aliangalia zile barabara nne, ambazo yeye, asiyejua hata kuwasha gari, alizijua zote. "Hiyo ya mkate," alisema. "Kushoto. Sasa hivi."

Ramani akageuka kushoto, bila kusita, kwa utiifu ambao Kasuku alikuwa akiufanyia mzaha. Wakaegesha kando ya ukuta wa kiwanda. Injini ikazimwa. Gari likajaa harufu ya mkate.

"Breki nzima?" aliuliza fundi, ingawa alishaona.

"Nzima."

"Moyo?"

"Mzima."

"Basi umenikasirikia."

Ramani alitikisa kichwa. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

"Mimi nina pamba jichoni," alisema Bibi Kengele kutoka nyuma. "Masikioni sina. Mkitaka kusema siri, shukeni."

Hawakushuka. Ramani alianza kusema akiangalia kioo cha mbele, pale ambapo asubuhi mkewe alikuwa amesugua.

"Barabara naziona," alisema. "Yule mchomelea vyuma namjua, na baba yake nilimjua, nilimpelekea kitanda. Hakuna kilichofutika. Ila hazinipeleki. Zamani nikiitazama njia, naona mwisho wake. Sasa naona mwanzo tu. Naiangalia, naiambia haya, nipeleke, inakaa kimya."

"Tangu lini?"

"Kabla ya yule."

"Yule nani?"

"Mke mwenzio."

Fundi alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haikuwepo. Abiria wa siku hizi wanaamini kitu kinachowaka; alilisikia tena neno lile na akaona jinsi lilivyoshonwa vizuri, pindo lake ndani, uzi wake hauonekani. Yeye, ambaye hupima kitambaa mara mbili kabla ya kutia mkasi, alilipokea bila hata kuligeuza upande wa pili. Akaanza kukumbuka mambo na hakuweza kuyazuia. Pancha, kila alipomwomba ampeleke kwa mdogo wake aliyehamia nyumba mpya. Maumivu ya kichwa siku ya kwenda kuona shule ya mjukuu. Siku alipoishiwa uzi akampigia simu amletee, na uzi ukaletwa na Kasuku. Alikuwa amemwita mvivu. Alikuwa amemwambia mbele ya watoto kwamba uzee wake umeanzia kwenye gari.

"Lakini kituoni hadi nyumbani," alisema. "Kuja nyumbani."

Ramani alifuta usukani kwa kidole gumba.

"Baba watoto. Hata kuja nyumbani?"

"Nyumbani ndiko nilikoanza kumfundisha," alisema. "Siku ya kwanza. Kabla sijamfundisha pengine."

"Jana?"

"Hata jana."

Jioni zote hizo alikuwa akisikia honi mbili fupi uani, akaweka chai mezani bila kuinua macho, maana mumewe kurudi nyumbani kulikuwa kama maji kuteremka. Hayapongezwi kwa kuteremka. Kumbe mtu alikuwa anarudishwa. Kila jioni alikuwa anashikwa mkono na sauti ya mwanamke wa ndani ya kidude, anavushwa mtaa wake mwenyewe, analetwa mpaka mlangoni kwake, na kukabidhiwa. Naye asubuhi ile alikuwa amembandua kwa ukucha, akacheka.

"Kwa nini hukuniambia ulipokuja mlangoni?"

"Ulikuwa na mteja," alisema Ramani. "Mlikuwa mnacheka."

Mfanyakazi mmoja wa kiwandani alipita na ubao wa mikate kichwani, akawaangalia, akaenda zake.

Ramani ndiye aliyeanza tena, na safari hii aligeuka akamtazama mkewe. Aliongea haraka, kama mtu aliyeipanga hoja yake wakati wote ule akizunguka. "Hakijavunjika, sivyo? Kiko salama? Basi kirudishe. Twende nyumbani sasa hivi, unielekeze, nikibandike, nimpeleke Bibi. Kesho naendelea na kazi. Kikiwepo sina tatizo. Hakuna aliyejua, mama watoto. Hata wewe uliyelala ubavuni mwangu hukujua. Na asijue mtu."

Ilikuwa kweli. Kidude kilikuwa kwenye jora la bitana, kimefungwa mahameli, kizima. Kukirudisha kulikuwa kazi ndogo kuliko kutunga uzi sindanoni. Angepata mume wake wa jana. Angempa kila siku ile nusu ya saa ya asubuhi kituoni, ambayo watu wanamwita Ramani na yeye anaitika. Neno "sawa" lilikuwa limeshafika kwenye meno yake.

"Ulipita kwenye taa nyekundu, kijana wangu," alisema Bibi Kengele.

Wote wawili wakageuka.

"Tukitoka kwangu. Nilisikia breki za watu wengine. Kuna mama alipiga kelele, na mtoto akaanza kulia. Nilinyamaza kwa sababu nilisema, huyu ni Ramani, anajua anachofanya."

"Taa ipi?" aliuliza Ramani.

Hakuwa anabisha. Alikuwa anauliza. Fundi aliuona uso wake ukiitafuta hiyo taa, ukirudi nyuma barabara nzima kuitafuta, ukirudi mikono mitupu.

"Kile kidude," fundi alisema, "kinakuonyesha taa?"

"Hapana."

"Kinakuonyesha mtoto anayevuka?"

Ramani alirudisha macho kwenye kioo.

"Sikirudishi," alisema mkewe. Alipolisema alishtuka yeye mwenyewe, kana kwamba limesemwa na mtu wa kiti cha nyuma. "Nitakuelekeza chooni ikibidi, nitakuelekeza kitandani. Lakini hapa kwenye usukani sikirudishi. Na Bibi hapandi tena gari unaloendesha wewe. Mimi nimekataa."

"Basi nitakuwa nani?" aliuliza Ramani.

Mkewe aliona kila atakalosema litakuwa la kitoto. Akamshika mkono uliokuwa usukanini.

Ramani alitoa mkono wake polepole. Akachomoa ufunguo. Akafungua mlango, akashuka, akasimama kidogo ameshika paa la gari, kisha akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa.

"Nani huyu?" aliuliza Bibi Kengele, akisogeza mkoba.

"Abiria mwenzako," alisema Ramani.

Bibi Kengele alipapasa kwenye kiti mpaka akaupata mkono wake, akaupigapiga, kama alivyokuwa akiwafanyia watoto wa darasa la kwanza siku ya kwanza ya shule.

Wakakaa hivyo, wawili nyuma, mmoja mbele upande usio na usukani, na kiti cha dereva wazi. Kwa miaka yote ya ndoa yao fundi hakuwahi kukiona kiti kile kikiwa wazi na mumewe akiwa ndani ya gari. Kilikuwa kimebonyea katikati kwa umbo la mwili wake. Alishindwa kukitazama na alishindwa kutazama pengine. Mwanamume mmoja aliyebeba mfuko wa mikate aliinama dirishani, akauliza kama teksi iko kazini.

"Iko," alijibu Bibi Kengele. "Dereva ndiye hatuna."

Mtu yule aliwahesabu kwa macho, akacheka kwa mashaka, akaondoka huku akigeuka nyuma.

Ramani alitoa simu yake ya vitufe mfukoni. Fundi alisikia vikibonyezwa, akasikia mlio wa kuita, halafu sauti ya Kasuku, ambayo hata kwenye simu haikujua kunong'ona.

"Ramani! Umepotelea wapi, bwana? Abiria wako wananisumbua hapa, mimi hawanitaki."

"Njoo utuchukue," alisema Ramani. "Njoo kwa miguu au kwa chochote. Gari lipo. Utaliendesha wewe. Kuna Bibi Kengele wa kupelekwa hospitali."

"Gari lipo halafu nije kuwachukua? Umekunywa nini? Haya, uko wapi?"

Ramani aliangalia nje. Aliangalia ukuta wa kiwanda, bomba refu la moshi, cheche za mchomelea vyuma zikiruka kule ng'ambo. Midomo yake ilifunguka.

"Niko hapa," alisema. "Hapa kwa yule... Pale zamani palipokuwa..."

"Uko wapi?" ilirudia simu.

Mkono ukaja mbele, katikati ya viti viwili, umeshika simu, ukasimama pembeni ya shavu la fundi.

"Mwambie tulipo," alisema Ramani.

Fundi akaichukua. Akamwambia Kasuku: mzunguko wa kiwanda cha mikate, barabara ya kushoto, kando ya ukuta, gari lenyewe utaliona. Kasuku alikuwa ameshaanza kucheka, akitafuta utani ulipo, akauliza ni nani kawekeana dau na nani, na kama mke mdogo amelala au vipi.

"Njoo tu, shemeji," alisema fundi. "Na ukifika, usiulize kitu."

Kicheko cha upande wa pili kilikatika. "Nakuja," alisema Kasuku, na simu ikakatika. Fundi aliendelea kuishikilia sikioni, ikiwa kimya, kwa sababu akiishusha ingembidi ageuke nyuma.